Mashimo Yaliyonyamaza

Jovan alikuja Jumapili, kama kawaida yake tangu mjomba wake Mukhwana azikwe, na Benedeta, mjane wa huyo Mukhwana, alishatenga maji ya kunawa kabla pikipiki haijazimwa. Mwezi mzima hakuna mwingine aliyefungua lile lango. Watoto Mungu hakumjalia. Mashemeji walishamaliza kulia, na majirani wa Busia walimpungia mkono tu wakikimbilia mpakani na mizigo yao.

Alipomaliza kula, Jovan alitoa simu.

“Mama, ile pesa ya ng'ombe bado iko?”

“Iko. Natafuta mtamba.”

“Mtamba anakufa na ndigana ya kupe. Hii haifi.” Akamweleza. Kuna kampuni inatafuta dhahabu kwenye vilima vya upande wa Tororo. Hisa zake zinauzwa ng'ambo, na mtu ananunua kwa simu, hisa moja kwa bei ya pipi. “Wakigonga mshipa, mama, pipi inageuka ng'ombe!”

Benedeta hakucheka. Miaka kumi na minane alikuwa ameosha mchanga wa dhahabu kwa karai machimboni, akinunua mawe kwa gunia kabla hayajasagwa, na wanawake wa karai walikuwa na sheria yao: jiwe analokupa mwenye shimo ni la kuonyesha, si la kununulia. Unaingiza mkono wako mwenyewe, gunia la juu, la kati na la chini. Unasaga, unaosha, ndipo mnaongea bei.

“Wamepata nini mpaka sasa?”

“Gramu kumi na nne kwa tani! Soma mwenyewe.”

“Hiyo ni nzuri. Shimo gani?”

“Shimo la nne.”

“Wamechimba mangapi?”

Jovan akasogeza kidole kwenye kioo. “Kumi na mawili.”

“Na yale kumi na moja?”

“Majibu bado yako maabara.”

“Tangu lini?”

“Kwaresima.”

“Sasa ni Agosti, mwanangu. La nne limesema, mengine yamenyamaza.” Akamwongezea chai. “Na mafuta ya mashine wananunua kwa dhahabu gani?”

“Dhahabu bado. Wakiishiwa wanatoa hisa zingine, wanauza.”

“Basi ugali ni uleule, wageni wanaongezeka.”

“Wewe mama umesoma mpaka la saba, unataka kuwafundisha watu wa jiolojia?”

“Siwafundishi. Nauliza gunia la chini.”

Jovan aliweka simu mezani kifudifudi. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo. “Mimi nilishaingia, mama. Niliuza kiwanja cha Molo. Nilinunua hisa moja kwa mia, leo ni sitini. Niko ndani peke yangu. Nilitaka tuwe wawili.”

Neno hilo lilimfikia mahali ambapo pipi na ng'ombe havikufika. Kuwa wawili. Pesa ilikuwa chumbani, ndani ya sanduku, chini ya nguo za misa. Hatua saba tu. Angeitoa, na kila Jumapili wangekaa hapa wakitazama bei pamoja, wakilalamika pamoja. Alifumba macho akasali Baba Yetu taratibu mpaka mwisho. Alipofumbua, mashimo yalikuwa bado kumi na mawili.

“Siweki, Jovan. Na wewe, kama bado wananunua, uza nusu.”

“Ndiyo maana unakaa na kuku tu humu!”

“Hata hivyo, Jumapili utakuja?”

“Nitakuja,” alisema, akiwa ameshawasha pikipiki.

Hakuja. Ya pili pia hakuja. Ya tatu, baada ya misa, Benedeta alimkuta dada yake Jovan, Athieno, sokoni akiuza mtama kutoka Merikit.

“Hujasikia, mama? Hisa za kaka zimepanda! Mia na arobaini, na majibu ya maabara hata hayajatoka! Anasema ungemsikiliza, ungekuwa na zizi zima.”

“Ameuza?”

“Auze! Anangoja elfu.”

“Alisema hivyo kwa kucheka?”

“Alicheka mpaka machozi.”

Benedeta alinunua mtama ambao hakuuhitaji. Zile mia na arobaini hazikumuuma. Bei imepanda na mashimo hayajasema neno, na bei ya namna hiyo aliifahamu: ni ya jiwe la kuonyesha. Kilichomuuma ni kwamba Jovan alikuwa na kicheko kizuri namna hiyo na hakukileta. Angekuja kumcheka kule nyumbani, mezani, yeye angemchinjia kuku.