Mashavu ya Yurima

Saureme alirudi kutoka makaburini na vumbi hadi kwenye kope, akaomba maji. Dada yake, Tutuima mfinyanzi, akampa kibuyu. Kaburi la mkuu wa ukoo lilikwisha kuzibwa kwa mawe. Chini kule, ubavuni mwa maiti, alikaa msichana wa udongo aliyefinyangwa na Tutuima ili amsindikize marehemu. Marehemu asipopewa msindikizaji wa udongo, hujichagulia mwenyewe kati ya walio hai. Hilo hata watoto walilijua.

"Dada, mikono yako ina balaa!" Saureme alicheka. "Nilipomshusha yule, nusura nimwambie, 'We Yurima, toka huku, mama yako anakutafuta!'"

"Hebu acha utani wako."

"Utani gani? Mistari mitatu myekundu, nukta nyeusi chini ya jicho. Yurima mtupu!"

Moyo ulimlipuka Tutuima. Mistari ile alimpaka binti yake mashavuni kila asubuhi, na hakuna mtoto mwingine aliyekuwa nayo. Siku ya kuipaka sanamu rangi alikuwa akipiga soga na majirani, mkono ukaenda ulikozoea; sasa marehemu alikuwa amepewa alama za Yurima. Mdomo huu! Angeweza kujing'ata ulimi kwa hasira.

Alikimbilia ndani. Yurima alikuwa amejikunja mkekani, uji wake wa mahindi haujaguswa, mwili unachoma.

"Mama, kuna babu ananiita. Anasema nimekawia."

"Usimwitikie! Unanisikia? Usimwitikie kabisa!" Akamgeukia kaka yake mlangoni. "Saureme, kafukue!"

Saureme hakuwa akicheka tena. "Siwezi, dada. Nikilifungua lile, atatuzoa sote."

Tutuima aliogopa, lakini hakukaa chini. Alichota maji, akamsugua binti yake mashavu mpaka yakabaki matupu. Kisha akachukua kikombe cha rangi, akainamia bakuli la maji apate kujiona, akajichora mistari mitatu myekundu. Mwisho akaweka nukta nyeusi chini ya jicho.

Jua lilipoinama Yurima aliketi, akaomba uji.

"Mama! Umejipaka kama mtoto!" Akamgusa shavu kwa kicheko, akaurudisha mkono haraka. "Mbona unawaka moto?"

Nje palikuwa na sauti ya mzee ikiita taratibu, "Yurima. Yurima."

Msichana alifumbua mdomo. Mama yake akauziba kwa kiganja.

"Abee," Tutuima aliitika.