Malkia wa Upanga

Kazi ya binti huyu ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli, na kila alipoanza kumsema wifi yake aliikandamiza pasi kana kwamba wifi mwenyewe ndiye aliyelazwa mezani. Kaka yake alikuwa dereva wa lori la masafa, nyumbani anaonekana kwa nadra. Kwa hiyo mama yao, aliyepigwa na kiharusi upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, alibaki mikononi mwa mke wa kaka: mwanamke mkavu, mchache wa maneno, asiyejua kubembeleza.

"Mama analilia maji, yeye anamnyima," mpiga pasi aliwaambia wenzake. "Anamlisha kitu kizito kama gundi, kwa kijiko. Ukimuuliza, 'Ndivyo walivyosema hospitali,' basi, kageuka zake."

Mwenzake mmoja akamwelekeza kwa Mama Karata, aliyekuwa akibashiria watu mambo yao kwa karata za picha katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifungo na nyuzi.

Mama Karata alikuwa mnene, mchangamfu, miwani ikining'inia kifuani. Akamwambia achanganye, kisha avute moja. Akamvuta malkia ameketi kwenye kiti cha enzi, upanga ameushika wima, uso hauna hata chembe ya tabasamu.

"Ndiye!" mpiga pasi akaruka. "Wifi yangu mtupu!"

"Taratibu, mwanangu. Hawa wenye mataji ndio wanaonitoa jasho. Malkia wa Upanga anaweza kuwa mtu aliye karibu nawe. Anaweza kuwa wewe mwenyewe. Tena anaweza asiwe mtu kabisa, ikawa ndiyo namna unayotakiwa kulikabili jambo lako: kichwa kitulie, uulize, ndipo uamue. Wanaume wakija hapa kila malkia ni mchepuko, na kila mfalme ni wao." Akacheka peke yake. "Na mkono wa kushoto umeuona? Ameunyoosha. Anamwita mtu asogee, aseme."

"Mimi naona upanga tu."

"Ni mwanamke aliyeonja majonzi, asiyepaka maneno mafuta. Si lazima awe mbaya."

"Lakini anaweza kuwa mbaya?"

Mama Karata akavaa miwani, akamtazama. Karata ikitoka kichwa chini, ndiyo. Anaweza kuwa katili."

Neno hilo ndilo alilotoka nalo. Mengine yote aliyaacha mezani.

Alifika nyumbani damu ikimchemka, akamkuta wifi yake anamgeuza mgonjwa ubavu. Hakungoja amalize. Alimwambia hii ni nyumba ya mama yake, si ya mumewe, afungashe. Wifi hakubishana. Alimfunika mgonjwa shuka, akakusanya nguo zake, na alipofika mlangoni akasimama.

"Maji mepesi usimpe. Hata akilia, usimpe."

"Toka!"

Mpiga pasi akaomba ruhusa kazini ili yeye mwenyewe amuuguze mama. Siku hiyohiyo alimwekea mto mgongoni, akamshikia kikombe cha maji mdomoni. Mama alikunywa kwa pupa, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akakitazama kikombe tena. Binti akamwongezea. Moyo wake ulijaa. Alijiona kwa mara ya kwanza ni mtoto aliyemfaa mzazi wake, na kila mama alipotaka maji, alimpa.

Haukupita muda mrefu homa ikapanda, kifua kikaanza kukoroma. Hospitalini, muuguzi alisikiliza mapafu, akainua kichwa.

"Nani amempa maji?"

"Mimi. Alikuwa na kiu."

"Koo lake nusu limekufa, dada. Maji mepesi yanapita njia ya hewa, yanaingia mapafuni. Ndiyo maana tulisema yachanganywe na unga maalumu mpaka yawe mazito. Yule mkwe wake si anajua? Alinihoji hapa mpaka nikachoka."

Mama hakutoka hospitali akiwa hai.

Mpiga pasi alikwenda kwa Mama Karata na hasira yote aliyokuwa nayo, akaipiga meza kofi, karata zikaruka. "Uliniambia katili!"

"Nilikuambia mambo matatu," Mama Karata akajibu kwa sauti ya chini. "Ukachukua moja. Na mimi nilikuona unalichukua, nikakuachia, kwa sababu ndilo ulilolifuata." Akainama kuziokota karata.

Kaka alirudi kuzika. Wifi naye alikuja, akaingia na wanawake wengine kumwosha marehemu, akafanya kila kitu kwa uangalifu. Baada ya maziko mpiga pasi alimkuta chumbani kwa mama, anatoa vitu vyake vilivyosalia.

"Wifi," akasema. "Alipokuwa akililia maji, ulikuwa unamfanyaje?"

Wifi aliendelea kukunja khanga. "Nilikuwa nalowesha kitambaa, nakikamua, nampangusa midomo. Halafu natoka nje, nalia."

Mpiga pasi alifungua mdomo aombe msamaha, lakini honi ya lori ikalia barabarani. Kaka yake, aliyekwisha kusikia habari ya maji, hakuwa tayari hata kuingia ndani kuaga. Wifi alifunga begi, akampita pembeni ya mlango kama mtu anavyompita mgeni, akaenda.