Simu Iliyowakataa Wakwe

Mutindi wa Matinyani hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, na hata ile mara ya kwanza hakuipenda sana. Alijua kusuka kiondo huku anaangalia kwingine. Alijua kupika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa watu hamsini bila kuonja. Na simu yake aliijua kwa kidole gumba: ikilia, anaigusa kushoto kwenye kijani, anaibana kati ya bega na sikio, kazi inaendelea. Macho yake yalikuwa na shughuli nyingine.

Sasa simu hiyo ilikuwa imejibadilisha. Kwa siku nyingi ilikuwa ikimwomba ruhusa ya kujisasisha, naye kila mara akabonyeza "baadaye", kama anavyowafukuza wachuuzi wa sufuria langoni. Jumamosi hiyo akaamka akaikuta imejifanyia mambo yenyewe. Saa ilikuwa imehamia pembeni. Vipicha vyote vilikuwa vimevimba vikawa mviringo. Ukigusa jina la mtu ili umpigie, simu haipigi; inakufungulia ukurasa mzima wa habari zake, utadhani umeenda kumtafutia kitambulisho.

"Nani aliwatuma?" Mutindi aliuliza, akiitikisa ile simu. "Kitu ilikuwa inafanya kazi vizuri, mnaenda kuiguza ya nini?"

"Wanasema hii ndiyo mpya, Mama Kasyoka," alisema Ndunge, wifi yake, aliyekuwa akimenya viazi kando ya moto.

"Mpya ya nani? Mimi sikuomba."

Haikuwa siku ya kusomea simu. Wakwe walikuwa wanatoka Kiboko, kule Makueni, na mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao, mwanamume anaweza kukaa na mwanamke mpaka wote wawili waote mvi, na bado wazee wa Kikamba watasema hajaoa. Mbuzi wakishafika, wakachinjwa na kuliwa, basi Kasyoka, binti wa mwisho wa Mutindi, angekuwa mke wa Ben, na hakuna mtu angeuliza tena.

Tatizo ni kwamba mwaka mzima Mutindi alikuwa amempinga huyo Ben, na hakumpinga kimyakimya. Ben alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Kiboko, kwenye mashamba ya majaribio ya mtama. Mutindi alisimama katikati ya akina mama wa kanisa akauliza ni mwanamume wa aina gani analipwa kutazama mtama ukikua. Wakacheka mpaka wakafutana machozi, na maneno hayo yakafika Kiboko kabla ya Jumapili nyingine. Halafu siku moja akaacha. Hakusema amebadilisha nia. Alianza tu kununua mchele kidogo kidogo na kuuweka. Mpango wake ulikuwa rahisi: atawapikia wakwe chakula kizuri hadi pasiwe na haja ya mtu yeyote kumuuliza chochote.

Simu ililia akiwa na mikono ndani ya muthokoi. Akaigusa kushoto kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio.

"Haloo. Haloo, nani?"

Kimya.

"Mtandao," akamwambia Ndunge, na kurudi kwenye sufuria.

Ikalia tena, na tena. Kila mara akaigusa palepale, kila mara kimya. Akautukana mtandao na kilima kinachouzuia. Mwishowe akapangusa mikono ili ampigie Mzee Kivuva, mjomba wa Ben, aliyekuwa msemaji wa wakwe. Alipogusa jina lake, ukurasa ukafunguka. Akabonyeza huku na kule, na simu ikamuuliza kama anataka kumwekea mzee huyo picha mpya. Akaitupa juu ya gunia.

Kasyoka alitoka ndani, amesukwa nywele vizuri, anatazama barabara. "Mama, wamefika wapi?"

"Wako njiani."

"Simu ya Ben imezimwa."

"Vizuri. Ntheo si mambo ya vijana, ni ya wazee. Nenda ukae."

Jua lilivuka utosi. Muthokoi uliiva, ukaanza kupoa. Ndipo simu ya Ndunge ilipolia. Alikuwa Abdille, mfanyabiashara wa mifugo pale soko la Kabati, njia ya kuja Matinyani, mtu aliyekuwa akinunua mbuzi wao miaka mingi na kuzoeana nao. Ndunge akaiweka sauti ya juu.

"Mama, huyo wifi yako nimemkosea nini? Napiga, ananikata. Sikia, hapa sokoni kuna wazee na pikapu ya mbuzi. Wanataka mimi ninunue. Nikauliza, mbuzi nzuri hivi mbona mnauza njiani? Wanasema walikuwa wanaenda Matinyani, lakini mama ya msichana amekata simu zao zote. Wanasema wamesikia jibu."

Mutindi alijua vizuri jinsi Kivuva alivyolielewa jambo hilo, maana yeye mwenyewe angelielewa vivyo hivyo. Mkamba mwenye adabu hakwambii hapana usoni. Anakosa kupatikana, anakosa kushika simu, na wewe mwenye adabu unageuza gari bila kumwaibisha.

"Abdille," alisema, akimnyang'anya Ndunge simu, "usinunue."

"Mama, mimi niko kazini."

"Ukinunua hizo mbuzi, usikanyage Matinyani tena."

Abdille alifikiri kidogo. "Basi wacha nikague meno. Pole pole."

Ndunge akachukua simu yake, akaipigia ile ya Mutindi kuijaribu, nao wote wawili wakaiinamia. Kijani kilikuwa kulia. Kushoto, pale kidole kilipozoea, palikuwa na chekundu.

"Wamegeuza," Ndunge alisema.

Kasyoka alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakulia. "Mama," aliuliza, "ulikata makusudi?"

"Hapana."

Kasyoka alimtazama kama mtu anayetaka kuamini na hajui aanzie wapi. Mutindi alikuwa ameshinda mabishano mengi na binti huyo, lakini macho yale hayakuwa na mabishano ndani yake, na yalimuuma.

Alijaribu kumpigia Kivuva kwa simu ya Ndunge, haikushikwa. Akafunga leso kiunoni.

"Hauwezi kuenda," Ndunge alisema. "Ben yuko huko. Na nthoni je?"

Nthoni ni ile haya ya mama mkwe na mkwe wake wa kiume: hawakutani njiani, hawatazamani usoni, hawapigi gumzo. Mama wa msichana hungoja jikoni mpaka mbuzi waingie bomani. Hajawahi kuonekana akiwakimbilia wakwe sokoni.

"Nthoni ni ya watu wenye wakwe," Mutindi alijibu. "Nikikaa hapa, sitakuwa na mtu wa kumuonea haya." Akasimamisha pikipiki.

Aliwakuta Kabati kando ya soko la mbuzi. Abdille bado alikuwa ameshika taya la beberu mmoja, akimchungulia kinywani kama daktari asiye na haraka. Ben alipomwona Mutindi alijificha nyuma ya pikapu, kama ilivyompasa, vikabaki viatu vyake tu kuonekana chini ya gari. Mzee Kivuva akavua kofia na kumsalimu kwa upole mwingi. Upole huo ulimtisha Mutindi kuliko matusi.

"Mzee, nipigie simu," alisema.

"Mama, si lazima. Tumeelewa."

"Hamjaelewa. Nipige."

Kivuva akapiga. Mutindi akainua simu yake juu wazee wote waione. "Kijani iko wapi?"

"Kulia," akajibu mmoja.

"Jana ilikuwa kushoto. Imehamishwa nikiwa nimelala. Na mimi siangalii simu, naiguza tu, mikono iko kwa muthokoi yenu." Akagusa kushoto, na simu ya Kivuva ikanyamaza mkononi mwake.

Wazee wakasogea. Mmoja akasema hata yake imemfichia watu wote, hajui tena mke wake yuko wapi humo ndani. Wakacheka. Abdille akaachilia lile taya. Mutindi akaanza kujifunga leso vizuri, akidhani amemaliza kazi.

Kivuva hakucheka. "Simu tumeiona, mama," alisema. "Lakini mwaka wote huu simu ilikuwa nzima, na bado ulikuwa unatukata. Maneno ya mtama yalitufikia. Ndiyo maana leo hatukushangaa. Sasa tuambie. Tukija kwako, tunakuja kwa mtu anatutaka?"

Kicheko kikakatika. Mutindi alifikiria kutaja mchele, na nyama, na kuku waliokwisha chinjwa. Hasira ilimpanda, maana hakuna aliyezoea kumuuliza hivyo mbele za watu. Kisha akaviona vile viatu chini ya gari, vimepigwa rangi vikang'aa, havisogei hata kidogo.

"Nawataka," alisema. "Namtaka huyo kijana. Nilimsema vibaya, na shida haikuwa mtama. Kasyoka ndiye wa mwisho, Kiboko ni mbali, na nyumba yangu itabaki kimya. Niliogopa. Hiyo si makosa ya Ben. Mwambie."

Kivuva akageuka kidogo upande wa pikapu, hatua chache tu kutoka hapo. "Amesikia," akasema.

Nyuma ya gari mtu alisafisha koo. Halafu mikono ikaonekana ikimpokea beberu kutoka kwa Abdille, ikampandisha na kumfunga kamba upya, bila uso wa mwenyewe kujitokeza.

"Ngojeni kidogo kabla muondoke," Mutindi alimwambia mzee. "Mama ya msichana anafaa kupatikana jikoni. Sitaki watu waseme alionekana Kabati."

Mzee Kivuva alivaa kofia yake, akatazama barabara ya Matinyani kwa utulivu.

"Nani alionekana Kabati?" aliuliza.