Cayman Ndani ya Kajiado

Kamati ilikuja kupanga siku ya kumzika Masila, lakini kwanza waombolezaji walibahatika kupata somo la jiografia. Mwalimu Makau, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama katikati ya hema pale Kitengela, akachukua kijiti na kuchora Afrika kwenye vumbi. Mbali kidogo akatoboa kitundu kimoja. Hiyo, akasema, ndiyo Cayman, anakofanya kazi Austin, mtoto wa pekee wa marehemu.

Nzembi, mjane, aliketi na leso mabegani akisikiliza. Alijifunza mengi. Afrika ina mto Nile, ina jangwa la Sahara, ina mlima Kilimanjaro, ambao asubuhi isiyo na mawingu huonekana hata na wasiosoma. Cayman ni visiwa vitatu tu, havina mlima wala mto wa kutajwa. Kajiado peke yake, alisema mwalimu kwa fahari ya mtu aliyeiumba, ingevimeza mara themanini na bado ibaki na njaa.

"Kwa hivyo," akamalizia, "mtu wa mahali padogo hivyo anafika airport kabla chai haijapoa. Tunazika Jumamosi. Austin atakuwa hapa."

Austin alikuwa amempigia mama yake simu asubuhi hiyo. Nafasi ya ndege iliyopatikana ilikuwa ya Jumatatu, kupitia London, angefika Jumatano. Aliomba asubiriwe tu, awe wa kwanza kumrushia baba yake udongo. Nzembi aliwaeleza hayo yote kwa sauti yake ndogo. Kamati ikamsikiliza kwa heshima, kisha ikaendelea kana kwamba amekohoa. Jumamosi ndiyo siku mheshimiwa mbunge alikuwa na nafasi, na hotuba ya Makau ilikuwa tayari.

Parsaoti, jirani mwenye mifugo, akakuna kidevu. "Mwalimu, mbuzi nikimfunga na kamba fupi, ndio atafika Namanga haraka?"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko kinachoruhusiwa matangani. Makau akamjibu kwamba mbuzi hapandi ndege. Hoja hiyo ilikuwa nzito mno, hata katibu akaandika Jumamosi.

Nzembi akasimama.

"Shemeji, kibali cha mazishi kiko kwangu, na sikitoi. Jumamosi mkitaka, zikeni hiyo ramani. Masila atamngoja mtoto wake."

Katibu akakata neno moja na kuandika lingine.

Walimzika Alhamisi, kwenye shamba lake huko Mashuuru. Mheshimiwa hakufika, lakini kaburi lilichimbika tu. Makau alisoma hotuba yake yote, pamoja na sehemu ya maziwa makuu, na Nzembi hakusikia hata ziwa moja. Alikuwa akiutazama mkono wa Austin, ambao ulikuwa umeshaishiwa na udongo, na bado ulikuwa wazi juu ya kaburi.