Nafasi Pembeni ya Marehemu

Msinione nimenyamaza mkadhani mimi mpole. Nina wivu, na sioni haya kusema. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Basi mimi ningekuwa nimebaki ufito.

Siku hiyo mume wangu alinipeleka kwa wakili, mwenzetu wa nyumbani anayewashughulikia watu wanaoishi ugenini kama sisi. Tulikwenda kuandika wosia, maana huku tumenunua nyumba, na mzee keshapasuliwa moyo. Nilivaa nikapendeza. Nilijua nyumba naandikiwa mimi.

Na kweli, nikaandikiwa. Wakili akaeleza kwamba mali ya huku inafuata sheria ya huku, ya nyumbani inafuata ya nyumbani, kwa hiyo kila kitu kitajwe. "Mzee, nyumbani una nini?"

"Sina kitu. Kile kiwanja cha makaburini tu."

"Kiwanja gani?" nikadakia.

Kumbe alipomzika marehemu mkewe, alilipia na nafasi ya pembeni yake. Lo! Miaka yote tunakula meza moja, mwenzangu keshajiwekea mahali kwa mwingine! Damu ilinichemka. Mke mwenza aliye hai utamsuta, mtakwidana, mwisho mtazoeana. Marehemu utamfanya nini? Hazeeki, hanuni, hazidishi chumvi.

"Ningependa nirudishwe kule," akasema taratibu.

Wakili, kijana mwenye adabu na tai iliyomkaba, akakohoa. "Kwa sheria ya huku, mzee, matakwa ya mazishi hayamfungi mtu. Mwenye kauli juu ya mwili ni msimamizi wa mirathi. Akisema uzikwe huku, utazikwa huku."

Nikajiweka sawa kwenye kiti. Mume wangu akaniona. Ananijua huyu.

"Basi msimamizi awe binti yangu," akasema. "Mke wangu abaki na nyumba."

Binti yake anaishi mtaa wa pili, na kafanana na marehemu mama yake kama shilingi kwa ya pili. Baba akifumba macho tu, atampakia kwenye ndege kabla sijamaliza kulia, ampeleke kwa mama.

"Badilisha," nikamwambia wakili. "Nyumba mpe binti. Usimamizi nipe mimi."

Akaweka kalamu chini. "Mama, umeelewa lakini? Hiyo ndiyo nyumba unayoishi. Mzee akitangulia, binti anaweza kukutoa."

"Masikio ninayo."

"Utakwenda wapi?" mume wangu akauliza. "Umri huu, nchi ya watu, ukapange chumba?"

"Nitapanga. Nitapanga karibu na makaburi ya hapa hapa, na wewe utakuwemo."

"Yaani uache nyumba kwa ajili ya mifupa?"

"Ndiyo, mifupa! Yeye alikupata kijana, una nywele na meno yako yote. Mimi nimekupata na vidonge. Hata mifupa ninyimwe?"

Wakili alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta, mzee ayaone.

"Andika anavyotaka," mume wangu akamwambia.

Akatia saini, nami nikatabasamu kwa furaha. Nilikuwa nimemshinda yule mwanamke. Usiku ule mume wangu akachukua mto wake akaenda kulala chumba cha wageni.