Chakula Kimeisha

Binti yangu alinipokea na mabegi yangu mawili, akanipa chumba cha nyuma na kazi moja: kumsimamia mjukuu wangu mlo wa mchana. Mtoto ana miaka kumi na tano. Tunamwita Bosi kwa jinsi anavyopenda kutoa amri. Siku hizo alikuwa amekonda mpaka saa ya mkononi inamzunguka kama bangili. Kaingiwa na ugonjwa wa kukiogopa chakula. Nimetembea sana, nimeona watu wanaotafuta chakula wakakikosa. Anayekikimbia kikiwa mezani sikuwa nimemwona.

Hospitali ilikuwa na utafiti wake. Badala ya kumlaza mtoto wodini, familia yenyewe inashika usukani: mnapakua, mnakaa naye, hamnyanyuki mpaka amalize, kila mlo unaandikwa kwenye fomu. Asubuhi na jioni alisimamia mama yake, anayemlea peke yake. Mchana yeye yuko kiwandani anashona sare, zamu yangu.

"Babu, nimeshiba," Bosi aliniambia kila siku, sahani ikiwa nusu.

Mimi nimelelewa kwamba mtu akisema ameshiba, humsukumi. Na chakula hakitupwi. Basi navuta sahani, namalizia. Kisha nachukua fomu. Swali linasema: Chakula kimeisha? Naandika: Kimeisha. Na kweli kimeisha, hata mchuzi hauonekani.

Wiki ya tatu tukaitwa. Mtafiti, dada mmoja mpole mwenye miwani, alimpima Bosi nyuma ya pazia, akarudi akafungua faili.

"Uzito umeshuka tena," alisema. "Ukishuka na Alhamisi ijayo, itabidi tumtoe kwenye utafiti tumlaze. Na wodi ya ugonjwa huu ni safari ya siku nzima kutoka hapa."

"Lakini anakula!" binti yangu akasema. "Fomu si hizo hapo, dada? Kimeisha, kimeisha, kimeisha. Nakosea wapi? Mimi ni mama wa namna gani?"

"Hapa hatutafuti mchawi, mama."

Binti yangu akaanza kulia kimyakimya, anajifuta na kola ya nguo ya kazi. Bosi alikuwa anachomoa uzi kwenye sweta lake. Hakunitazama. Ndipo nikaelewa. Maisha yangu yote mambo yakichacha nafunga begi. Hata huyu binti alizaliwa sipo. Nikautazama mlango. Hatua nne tu.

"Mchawi ni mimi," nikasema.

"Baba?"

"Kilikuwa kinaisha kweli. Ila tulikimaliza wawili, na mimi nilimshinda."

Mtafiti akavua miwani.

"Ndiyo maana umenenepa," binti yangu alisema polepole, kama mtu anayesoma bango la mbali. "Na mimi nasema ni hewa ya huku!"

"Msaliti," Bosi akaniambia. "Babu, wewe msaliti."

Mtafiti alizipitia fomu, akachora mstari juu ya milo yote ya mchana. "Na sisi tulikosea. Tuliuliza habari za sahani, hatukuuliza za mtoto. Mama, hamjashindwa. Mlo wa mchana hamjauanza. Tunayo wiki moja."

"Na akisema ameshiba?" nikauliza.

"Aseme. Ugonjwa ndio unaosema, babu. Usigombane naye. Wewe kaa."

Kesho yake, saa saba: viazi, mayai mawili, glasi ya maziwa. Alikula nusu, akasukuma sahani.

"Nimeshiba."

"Nimesikia. Kijiko kimoja."

"Kinanikaba."

"Nipo hapa."

"Mama hukukaa naye alipokuwa mdogo. Leo ndiyo unajua kukaa?"

Hilo lilinichoma. Miguu ilitaka mlango, nikaikunja chini ya kiti.

"Sijui kukaa," nikamwambia. "Najifunza. Kijiko, Bosi."

Alilia. Akaniita mzee king'ang'anizi, akaniita na mengine ambayo sikujua anayajua. Maziwa yakafanya utando. Saa tisa kasoro akameza kiazi cha mwisho kama anayemeza msumari. Jioni hakunisalimia. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa.

Alhamisi alipanda mzani. Mtafiti akasoma, akamwambia ashuke, apande tena.

"Uzito umepanda," alisema. "Kidogo, lakini umepanda. Anabaki nyumbani."

Binti yangu alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma, wala sikuutoa.

Kwenye korido Bosi alitangulia, mikono mfukoni.

"Nimechukia kila kijiko," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Kesho tuanze saa nane."

Nilishafungua mdomo nikubali. Mama yake akaniwahi:

"Saa saba kamili."