Mkanda Mweupe Chini ya Bawa

...laiti angekuwa amekosea, lakini hakukosea, Manrupa aliona mara tu picha ilipojaa kwenye kioo cha kompyuta, tai amekunjua mbawa juu ya bonde, na chini ya bawa mkanda mweupe umenyooka kama upindo wa shuka, tai wa nyika, tena mchanga, wa mwaka huu huu, hata mwenye mtoto wa jicho angemtambua, "Wifi, wewe wamwonaje?" aliuliza Indrakala, mke wa mdogo wake, kwa upole, upole gani huu unaochoma, na Khem akadakia toka jikoni, "Dada, sema tai wa kifalme bwana, tujaze vyumba vya wageni mpaka darini!", "Wewe songa ugali wako wa ulezi, nasikia harufu ya kuungua," mkewe akamjibu, wakacheka, hata kucheka wanacheka pamoja... miaka mitatu tu tangu aolewe huku mlimani, alikuja hajui tai wala mwewe, leo wahesabu tai wakishuka kileleni na kamera zao wanamtafuta yeye kwanza, Indrakala yuko wapi, Indrakala atazame hii, na Baba naye, mwezi wake wa mwisho, macho yamekwisha, alitaka asimuliwe picha na Indrakala, "huyu mtoto ana jicho," akasema, Manrupa amesimama papo hapo na bakuli la supu, yeye aliyeandika daftari la ndege la ukoo miaka ishirini na sita, yeye hakuambiwa ana jicho hata siku moja... "Nakungoja, wifi, usinitazame mimi, tazama ndege," na kiganja cha Indrakala kimefunika ukurasa wa daftari, ndiyo sheria ya Baba, wa kwanza anaandika jina la ndege kwa penseli na kulificha, wa pili anatazama picha bila kuambiwa neno, majina yakilingana ndipo wino, yasipolingana inabaki penseli hata miaka kumi... na akisema wa kifalme? Indrakala atafuta lake kwa heshima, anamjua, ila akisema wa nyika, basi ile picha iliyo kwenye fremu ukutani, tai wa kifalme pekee katika daftari la ukoo, wake yeye Manrupa alipokuwa na miaka kumi na saba, inaanguka nayo, kwa kuwa ni ndege wa aina ileile, mbawa zilezile, kifua hakina michirizi ya mtoto wa tai wa kifalme, ni mwanga tu wa filamu ya zamani uliomeza mkanda, na juzi Indrakala aliipangusa vumbi, akasimama mbele yake, akapangusa tena pale chini ya bawa, afadhali angesema... na siku ile nani alikuwa jicho la pili? Mama alikuwa shambani kwenye ulezi, Khem bado ananyonya, yeye alipanda ngazi za mawe mbio toka kwa mpiga picha aliyemsafishia filamu, akipiga kelele, Baba, tai wa kifalme, nimempata, jina keshalitaja, sheria keshaivunja, na Baba akaiinua picha dirishani, akaitazama, akaitazama tena, akamtazama yeye, kisha akachukua kalamu ya wino, Baba yuleyule aliyekataa miezi miwili kumwandikia mwalimu mkuu kipanga mmoja kwa wino... aliona, haiwezekani hakuona, aliona na akaandika, kwa kumpenda tu, uongo mmoja katika daftari zima, na yeye Manrupa ameutundika ukutani siku zote akidhani ni sifa... "Dada, ugali unapoa!", "Mwache dada yako atazame, shida yako njaa tu"... je, Baba angemwandikia Indrakala uongo? Asingemwandikia, angemwambia rudi ukatazame vizuri, Manrupa alijua hivyo, akijua pia kwamba atataja wa nyika, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamwonea huruma wifi yake, aliyekuwa bado amefunika ukurasa, akingoja.